Bwana Eric Liddell, Mshindi Mnyenyekevu

Wapenzi Wakristo, nanyi waalimu mnaowaongoza watoto wetu katika michezo, wakati huu wa kushangilia Jubilii ya Dayosisi yetu yafaa tukumbuke habari za mtu aliyejua kushinda, tena akajua kunyenyekea; maana mambo haya mawili ni shida kukaa pamoja katika moyo mmoja.

Eric Liddell alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji wa Tientsin, nchi ya China, ambako wazazi wake, watu wa Scotland, walikuwa wamisionari. Alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, sifa za mbio zake zilienea kote. Lakini kabla ya kushindana, desturi yake ilikuwa kuwapa mkono wenziwe. Na kwa kuwa siku zile wakimbiaji walichimba vishimo vya kuwekea miguu, yeye humwazima mshindani wake sepetu yake ndogo. Julai 1923, katika mbio za yadi 440, aligongwa akaanguka. Hakukaa chini kumlaumu mtu. Aliinuka, akawafuata waliokwisha kumwacha mbali, akawapita wote.

Mwaka wa 1924 alichaguliwa kwenda Paris katika Michezo ya Olimpiki, na wengi walimtazamia ashinde mbio za mita 100. Ilipojulikana ya kuwa mbio za kuchujana zitakuwa siku ya Jumapili, alikataa kukimbia. Wako waliomlaumu kwamba haipendi nchi yake. Yeye akajizoeza mbio za mita 400. Huko Paris alipata nishani ya shaba katika mita 200, na tarehe 11 Julai akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, ikawa rekodi ya Olimpiki.

Mwaka uliofuata aliziacha shangwe hizo, akarudi China kufundisha shule, na baadaye kuhubiri vijijini. Vita ilipokuja, mkewe na binti zake walikwenda Canada, naye akabaki kazini. Mwaka wa 1943 Wajapani walimfunga pamoja na wageni wengine katika kambi ya Weihsien. Humo alifundisha watoto na kusimamia michezo yao, ila si siku ya Jumapili. Basi vijana wakacheza hoki Jumapili bila mwamuzi, wakapigana. Ndipo Bwana Liddell akatoka mwenyewe kuwaamulia. Jambo alilolikataa kwa ajili ya sifa yake, alilikubali kwa ajili ya amani ya watoto wa wenzake. Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 43. Kambi ilifunguliwa Agosti mwaka ule ule.

Ndugu zangu, mara ngapi tumeona shule na shule, hata mtaa na mtaa, zikitoka uwanjani bila kusalimiana, kwa sababu ya bao moja? Mshindi hujivuna, aliyeshindwa humtukana mwamuzi, na kesho yake wote huketi kanisani mbali mbali. Yatupasa kuwafundisha watoto kumpa mkono aliyewashinda, na kumwinua waliyemshinda. Tena tuanze sisi wenyewe, kwani mtoto hutazama mwalimu wake afanyavyo. Mungu atujalie moyo huo. Amina.