Mkwawa na Mnara wa Lugalo: Aliyeshinda Vita, Jiwe Likajengewa Aliyeshindwa

Msikilizaji wetu, ukisikia jina Lugalo huenda moja kwa moja unaifikiria hospitali kuu ya jeshi kule Dar es Salaam. Katika vipindi vyetu vya historia kutoka hapa Kiseke, wapo waliotuuliza Lugalo alikuwa nani. Lugalo si mtu, ni mahali. Ni eneo la mkoa wa Iringa, kando ya barabara itokayo Iringa kwenda Morogoro, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe liliangamiza kikosi cha Wajerumani. Mtu wa kuzungumziwa ni yule aliyelituma jeshi hilo: Mtwa Mkwawa.

Pale Lugalo upo mnara wa kumbukumbu, lakini mnara huo haukujengwa kwa ajili ya Mkwawa. Wajerumani waliujenga kumuenzi kamanda wao na Wajerumani wenzake waliouawa siku ile. Ndiyo maana leo tunasimulia maisha yake hatua kwa hatua, ili anayepita pale ajue nini kilitokea kabla na baada ya jiwe hilo.

Mtoto wa Munyigumba

Jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika, na maana yake ni mtu aliyetwaa nchi nyingi. Alizaliwa Luhota, Iringa, mnamo mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo za nyanda hizo zikawa dola moja ya Wahehe.

Munyigumba alifariki mwaka 1879, na hapo ugomvi wa kiti ukaanza. Mkwe wake, Mwamubambe, aliushika utawala kwa nguvu, na kijana Mkwawa akakimbilia Ugogo. Aliporudi na watu wake, pande hizo mbili zilipigana vita kali mahali ambapo hadi leo panaitwa Lundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Mwamubambe akauawa, na Mkwawa akawa Mtwa, mtawala wa Wahehe wote.

Katika miaka iliyofuata alipigana na Wangoni upande wa kusini na Wasangu upande wa magharibi, na akatia mkono wake kwenye njia ya misafara kati ya pwani na bara. Makao yake makuu yalikuwa Kalenga, ambako alijenga ngome ya ukuta mrefu wa mawe. Kwa Kihehe ngome huitwa lilinga, na ndilo neno lililozaa jina la Iringa.

Siku ya Lugalo

Mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wameshaishika pwani, wakataka na bara. Kikosi kilichotumwa Uhehe kiliongozwa na Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo. Huyu ndiye ambaye ukali wake kule Pangani mwaka 1888 ulichangia kuwasha vita vya Abushiri. Alikuja na maofisa wachache wa Kijerumani, askari Waafrika wapatao 320, wapagazi wapatao 170, na mizinga. Njiani walichoma vijiji.

Wahehe wapatao 3,000 walijificha vichakani na nyuma ya mawe. Wengi wao walikuwa na mikuki na ngao, bunduki zikiwa chache tu. Walikubaliana kusubiri mlio mmoja wa bunduki kama ishara. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alifyatua risasi kumlenga ndege, na Wahehe wakadhani ndiyo ishara yao. Wakarukia msafara uliokuwa umejinyoosha mstari mmoja mrefu, bunduki nyingi zikiwa hazijatiwa risasi. Mapambano makuu yalichukua dakika chache tu. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na inaelezwa kuwa aliyemuua alikuwa kijana mdogo.

Wajerumani waliokufa ni 10. Askari Waafrika waliokufa walizidi 200, na wapagazi wengi walianguka pamoja nao. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, aliponyoka na wachache. Wahehe walichukua bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga, lakini nao walizika watu wengi, kiasi kwamba inaelezwa Mkwawa alikataza maombolezo ili maadui wasijue hasara yake.

Hapo tunaomba msikilizaji atulie kidogo. Askari wale zaidi ya 200 walikuwa Waafrika. Wengi waliajiriwa Sudan, na wengine walitoka upande wa Msumbiji. Wapagazi nao walikuwa watu wa ardhi hii. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua kazi hiyo, kwani Wasukuma na Wanyamwezi walisifika kote kwa kubeba mizigo ya misafara. Waliokufa Lugalo wakiwa na mzigo kichwani hawakuletwa na ugomvi wao, na heshima ya ule mnara haikukusudiwa wao.

Ngome kuanguka

Ushindi haukumpumzisha Mkwawa. Mwaka 1892 watu wake walishambulia kituo cha Wajerumani cha Kilosa na kukiteketeza. Lakini Wajerumani walikuwa wanajipanga, na mtu waliyemtegemea alikuwa Tom von Prince. Wazee wa Tabora wanalijua jina hilo. Ni yeye aliyeivunja ngome ya Isike, Mtemi wa Unyanyembe, Januari 1893. Isike aliona afadhali kulipua ghala lake la baruti kuliko kukamatwa.

Oktoba 1894, Gavana von Schele na Prince walifika Kalenga na mizinga mikubwa zaidi. Waliipiga ngome kwa siku kadhaa, na tarehe 30 Oktoba wakaingia. Mkwawa hakuwamo tena, alikuwa ameshatoroka.

Kwa karibu miaka minne alipigana vita vya msituni. Wananchi walimpa chakula na habari, na hawakumtaja alipo. Wajerumani walimweka ndugu yake, Mpangile, kuwa mtawala, lakini baada ya wiki chache tu, Februari 1897, wakamnyonga wakidai anamsaidia Mkwawa kwa siri. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Walichoma mashamba na kuchukua mifugo hadi njaa ikaingia.

Tarehe 19 Julai 1898, doria ya Sajini Meja Merkl ilimkaribia Mlambalasi. Mkwawa alikuwa amebaki na watu wasiozidi wawili, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Hakutaka kukamatwa, akajipiga risasi. Walipofika walikuta ameshakufa, wakamkata kichwa, na hatimaye fuvu likapelekwa Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi.

Kichwa kwenye mkataba wa dunia

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilisaini Mkataba wa Versailles mwaka 1919. Ibara ya 246 ya mkataba huo iliitaka irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Miezi ikapita, miaka ikapita, fuvu halikuonekana.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu mengi. Wakatafuta lenye tundu la risasi na vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa. Wapo wanahistoria walioutilia shaka uchaguzi huo, kwa kuwa vipimo vya vinasaba havikuwepo wakati huo. Hata hivyo Wahehe walilipokea. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya umati mkubwa. Adam Sapi huyohuyo ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu.

Jina likarudi kwa mwenyewe

Turudi kwenye ile kambi ya Dar es Salaam. Wakati wa Waingereza iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambapo wanajeshi wa kikosi cha King's African Rifles kutoka Tanganyika walipigana na Waitalia Mei 1941. Januari 1964 wanajeshi wa kambi hiyo waliasi, na baada ya maasi hayo jeshi likaundwa upya. Colito ikaitwa Lugalo. Kwa hiyo leo mgonjwa anayepewa rufaa kwenda hospitali ya jeshi analitaja bila kujua eneo alikoshinda Mkwawa.

Anayesafiri kutoka Mwanza kupitia Singida na Dodoma hadi Iringa anaweza kufika Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini Iringa, akaliona fuvu kwenye makumbusho. Akiendelea na njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha atapita eneo la Mlambalasi lenye kaburi. Na akirudi kuelekea Morogoro, mnara wa Lugalo bado umesimama. Sisi hatusemi ubomolewe, maana nao ni ushahidi. Tunachosema ni kwamba anayempeleka mtoto pale amweleze pia habari za Mkwawa, za Wahehe waliozikwa bila maombolezo, na za wale askari na wapagazi ambao hakuna aliyewajengea mnara.