SAYYIDNA UMAR BIN KHATTAB NA MALIWALI WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mwaka 13 wa Hijra (634), alipofariki Sayyidna Abubakar Siddiq, Sayyidna Umar bin Khattab, Radhiya Llahu anhuma, alishika ukhalifa. Yeye ni Mkureshi wa ukoo wa Bani Adiy, aliyeanza kwa kuupiga vita Uislamu hata akaja kuwa nguzo yake, na khabari ya kusilimu kwake ni mashuhuri, haina haja ya kukaririwa hapa. Siku aliposhika amri, dola ilikuwa ni Bara Arabu, na majeshi ndiyo kwanza yameingia Sham na Iraq. Siku alipokufa, baada ya miaka kumi na miezi, Sham, Iraq, Misri na sehemu kubwa ya nchi ya Waajemi zilikuwa zikitii amri itokayo Madina, mji usio na kasri, na mwenye kutoa amri hiyo akivaa nguo yenye viraka.

Hapo ndipo ulipozuka mtihani ambao Waislamu hawakuwa nao kabla. Liwali wa mbali alikuwa ndiye imamu wa sala, ndiye amiri wa jeshi, na mara nyingi kharaji ya nchi ikipita mikononi mwake. Barua ya Madina humfikia baada ya siku nyingi za ngamia, na huenda ikamkuta jambo limekwisha kutendeka. Mwenye sala, upanga na mali, mahali ambapo hakuna wa kumwona, amebakisha nini asiwe mfalme? Na kumfunga mikono asitende lolote ila kwa idhini, ni kumpa adui nchi. Sayyidna Umar hakuwafunga mikono. Aliwaachia maliwali wake nafasi ya kujitahidi kwa rai zao katika mengi ya nchi zao. Alilolishika yeye ni hesabu.

Imepokewa kuwa kila amtumaye huandikiwa mali yake kabla ya kuondoka, kisha hushurutizwa asipande farasi wa fahari, asile mkate wa unga mwororo, asivae nguo laini, wala asifunge mlango wake mbele ya wenye haja. Msimu wa Hija maliwali huitwa Makka, na raia nao huwapo, na mwenye dhulma husimama akasema mbele ya liwali wake. Akirudi mtu na mali iliyozidi ile iliyoandikwa, huulizwa, na wengine walitwaliwa nusu ikatiwa katika Baitul Mali. Amr bin Al-As, aliyeifungua Misri, alitwaliwa nusu. Abu Huraira aliporudi Bahrain aliulizwa mali yake, akaeleza kuwa ni farasi waliozaana na atia zilizofuatana, na mali ikatwaliwa vivyo hivyo. Baadaye Sayyidna Umar alimtaka ashike kazi tena, naye akakataa. Haya ni makali, na haifai kuyapamba. Watu wasiothubutu kunyoshewa kidole katika dini yao walihesabiwa mifuko yao.

Wala si mali peke yake. Khalid bin Walid, ambaye Waislamu hawakumwona akishindwa, alimpa Al-Ash'ath bin Qays zawadi ya dirham 10,000, na khabari ikafika Madina. Sayyidna Umar aliagiza aulizwe mbele ya watu: ikiwa ni mali yake, amefanya israfu, ikiwa ni mali ya Waislamu, amefanya khiana, na kwa yote mawili auzuliwe. Hayo yalikuwa mwaka 17 (638). Kisha akaiandikia miji kuwa hakumuuzulu kwa ghadhabu wala kwa khiana, bali watu wamefitinika naye, wakadhani ushindi watoka kwake, na ushindi hutoka kwa Mwenyiezi Mungu. Khalid alitii. Mwenye jeshi lile lililompenda, lau angalitaka kukataa, ni nani angalimtoa? Alifariki mwaka 21 (642), na alichoacha ni farasi wake, silaha zake na mtumwa mmoja.

Lakini aliyemshughulisha zaidi Sayyidna Umar ni mji wa Al-Kufa, na jambo la Sa'd bin Abi Waqqas. Sa'd ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, ndiye wa kwanza kutupa mshale katika njia ya Mwenyiezi Mungu, na ndiye amiri wa Qadisiyya, vita vilivyouvunja ufalme wa Waajemi. Mwaka 17 aliujenga mji wa Al-Kufa, akajenga na nyumba ya uliwali karibu na msikiti na soko. Kelele za soko zikimuudhi, akatia mlango. Watu wakaanza kuiita nyumba ile kasri ya Sa'd, na neno hilo likasafiri. Sayyidna Umar alimwita Muhammad bin Maslama, Ansari aliyekuwa akimtuma kupeleleza maliwali, akamwamuru aende akauchome mlango ule kisha arudi. Akaenda, akanunua kuni, akauchoma. Sa'd akatoka akamkaribisha na kumpa masurufu ya njiani; akakataa hata masurufu, akarudi, na chakula kikamwishia jangwani. Sa'd aliapa kuwa hakuyasema maneno aliyosingiziwa juu ya mlango ule, na Sayyidna Umar akamsadiki. Mlango lakini ulikuwa umekwisha kuwa majivu.

Baada ya miaka michache, jeshi la Waajemi likikusanyika Nihawand, watu wa Al-Kufa walikwenda Madina kumshitaki Sa'd: hagawi kwa usawa, hahukumu kwa uadilifu, hatoki na jeshi, na hata sala hasalishi vyema. Wakati ule haukuwa wa mashitaka, lakini Sayyidna Umar hakuyaahirisha. Mjumbe akazungushwa msikiti kwa msikiti, akiuliza waziwazi, na watu wakamsifu Sa'd. Hata alipofika msikiti wa Bani Abs, mtu mmoja akasimama akamtaja kwa ubaya. Sa'd akamuombea Mungu, akiwa ni mwongo, amrefushie umri na ufakiri na amtie katika fitina. Na mtu yule alionekana uzeeni, nyusi zimemfunika macho, akisumbua wasichana njiani. Sa'd akaitwa Madina, akaulizwa sala yake. Akaeleza kuwa hurefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho, akifuata sala ya Mtume, Sallallahu alayhi wasallam. Sayyidna Umar akajibu kuwa hivyo ndivyo alivyomdhania.

Basi Sa'd alitakasika, na hata hivyo hakurudishwa. Kwa Sayyidna Umar, liwali aliyetengana na raia zake ameondokewa na kazi yake, hata akiwa hana kosa. Akazigawa kazi zile: Ammar bin Yasir akampa sala na jeshi, Abdullahi bin Mas'ud akampa Baitul Mali, na Uthman bin Hunayf kupima ardhi. Watu wa Al-Kufa wakamshitaki Ammar kuwa hajui siasa, naye akauzuliwa. Sayyidna Umar alihuzunika waziwazi kwa mji ule usioridhika na amiri wala amiri asioridhika nao. Mwishoni akampeleka Mughira bin Shu'ba.

Wa Sham hakushikwa hivyo. Muawiya bin Abi Sufyan alishika uliwali wa Damascus mwaka 18 (639), baada ya kaka yake kufa kwa tauni, na Sayyidna Umar alipokwenda Sham alimkuta na msafara wa fahari. Akamkemea. Muawiya akatoa udhuru kuwa adui yu karibu na majasusi wake ni wengi, hapana budi waione haiba ya dola. Sayyidna Umar hakumwamrisha wala hakumkataza. Muawiya alikaa Sham liwali kwa miaka kama ishirini, na mwaka 41 (661) akawa khalifa, na kiti kikawa Damascus.

Mughira alikuwa na mtumwa wa Kiajemi huko Madina, fundi wa chuma na mbao, aitwaye Abu Lu'lu'a. Huyu alimlalamikia Sayyidna Umar juu ya kodi aliyotozwa na bwana wake kila siku. Sayyidna Umar akaiona si nyingi kwa fundi wa kazi zile, na imepokewa kuwa alinuia kusema na Mughira ampunguzie. Mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka 23 (644), katika sala ya alfajiri, mtumwa yule akamchoma jambia.

Akiwa kitandani aliwaachia shauri watu sita, Sa'd akiwa mmoja wao. Akausia kuwa amri ikimfikia Sa'd ndiye. Na isipomfikia, atakayetawala amtake msaada, kwani hakumuuzulu kwa udhaifu wala kwa khiana. Mwaka 24 Sayyidna Uthman alimrudisha Sa'd Al-Kufa. Haukupita muda mrefu, akakhitilafiana na Ibn Mas'ud kwa deni alilokopa katika Baitul Mali, akauzuliwa mara ya pili, akarudi Madina.