Sembiyan Mahadevi

Sembiyan Mahadevi (karne ya 10 BK) alikuwa malkia wa nasaba ya Chola katika Uhindi ya Kusini, mke wa mfalme Gandaraditya na mama wa mfalme Uttama Chola. Anakumbukwa hasa kwa kujenga upya kwa mawe mahekalu ya mungu Shiva yaliyokuwa ya matofali, na kwa sanamu za bronzi zilizosubiwa zamani zake kando ya mto Kaveri, katika jimbo la leo la Tamil Nadu.

Jina lake ni la cheo. Sembiyan ni mojawapo ya majina ya watawala wa Chola, na Mahadevi maana yake ni malkia mkuu. Jina lake la utotoni halimo katika maandishi yanayomtaja.

Maisha

Alitoka katika ukoo wa Mazhavarayar, watawala wadogo waliokuwa chini ya Wachola. Aliolewa katika miaka migumu. Mnamo 949 Wachola walishindwa na Warashtrakuta katika mapigano ya Takkolam, na mrithi wa kiti, Rajaditya, akauawa vitani. Nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake Gandaraditya, mtu aliyeelekea dini kuliko vita; wimbo wake wa kumsifu Shiva umo katika mkusanyo mtakatifu wa Watamil uitwao Tirumurai. Alifariki mnamo 957, na mwanawe alikuwa bado mdogo mno kutawala. Enzi ilipita kwa Arinjaya, mdogo wa marehemu, kisha kwa mwana wa Arinjaya, Parantaka II aliyejulikana pia kama Sundara Chola.

Sembiyan Mahadevi akabaki mjane kwa miaka zaidi ya 40. Malkia Vanavan Mahadevi, mke wa Sundara Chola, alipofiwa na mumewe alijitoa afe pamoja naye motoni, na maandishi ya ukoo yanamsifu kwa hilo. Sembiyan Mahadevi aliishi, akalea mtoto, na akatumia mali yake katika ujenzi.

Mwanawe alipata kiti kwa njia ambayo mpaka leo inabishaniwa. Mnamo 969 Aditya II, mwana mkubwa wa Sundara Chola, aliuawa kwa hila, na Uttama ndiye aliyefanywa mrithi. Alitawala takriban miaka ya 970 hadi 985. Wako wanahistoria waliomshuku, lakini ushahidi wa kumtia hatiani haupo. Maandishi ya Udaiyargudi, ya zamani za Rajaraja I, yanahusu kunyang'anywa mali kwa maofisa waliohusika na mauaji, wala hayamtaji Uttama. Tena Rajaraja I, mdogo wa yule aliyeuawa, alimheshimu sana mama yake Uttama hata baada ya kushika enzi mwaka 985, jambo lisilopatana vizuri na shuku hiyo. Riwaya maarufu ya Kalki, Ponniyin Selvan, imemfanya Sembiyan Mahadevi ajulikane na Watamil wengi wasiowahi kusoma historia yake. Msomaji asichanganye riwaya na maandishi ya mawe.

Mahekalu

Hekalu la Konerirajapuram alilijenga kwa ukumbusho wa mumewe, na ukutani imechongwa picha ya Gandaraditya akiabudu. Mengine yako Aduthurai, Vriddhachalam, Tiruvarur na Tirukodikaval. Huko Tirukodikaval alifanya jambo linalostahili shukrani ya kila mwanahistoria: kabla ya kuta za zamani kubomolewa, maandishi yake yalinakiliwa na kuchongwa upya kwenye kuta za mawe. Bila agizo hilo kumbukumbu za karne nzima zingekwenda na kifusi.

Katika mahekalu yake Shiva anayecheza ngoma ndani ya duara la moto, aitwaye Nataraja, alipewa nafasi maalumu ukutani. Baadaye umbo hilo lilipata umaarufu mkubwa zaidi katika bronzi.

Metali ya sanamu

Sanamu ya jiwe hukaa ndani ya hekalu, haiondoki. Siku za sikukuu, hata hivyo, mungu hutolewa nje akazungushwa mitaani ili waonekane naye wale wasioweza kuingia ndani. Hapo inatakiwa sanamu ya metali, iliyo imara na yenye kubebeka kwa miti mabegani. Kwa desturi ya Kusini sanamu hiyo haina uwazi ndani. Ni metali tupu toka ngozi hadi kiini.

Fundi alianza kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti. Alichonga umbo zima kwa nta, akalipaka udongo laini wa mto Kaveri, kisha udongo mzito zaidi, na kuuacha ukauke. Kalibu ilipotiwa moto nta iliyeyuka na kutoka, na mahali pake ikamiminwa metali. Kwa kuwa kalibu huvunjwa ili kuitoa sanamu, hakuna sanamu mbili zilizo sawa kabisa, na kosa moja huharibu kazi ya miezi. Gharama nayo si ndogo: bronzi ni nzito kuliko nta karibu mara tisa, kwa hiyo kila kilo ya nta ilidai kilo tisa hivi za metali, katika nchi isiyo na migodi mikubwa ya shaba wala ya bati.

Ndiyo sababu uchaguzi wa aloi ulikuwa suala zito. Shaba peke yake huyeyuka kwenye sentigredi 1085, nayo ikimiminwa ni nzito kutiririka na hunasa hewa, hata vidole na vito vya mungu hutoka na matundu. Bati kidogo hushusha kiwango cha joto na kuifanya metali iwe majimaji zaidi. Bati likizidi, metali huwa ngumu na yenye kuvunjika. Aloi ya kengele, yenye bati zaidi ya asilimia 20, hulia vizuri lakini mkono mwembamba wa sanamu ungekatika. Risasi nayo husaidia metali kufika kwenye pembe ndogo za kalibu na hulainisha kazi ya patasi, lakini haiungani na shaba. Hubaki ndani kama matone. Zinki ina tabu yake, kwani hugeuka mvuke kwenye sentigredi 907, kabla shaba haijayeyuka.

Desturi husema sanamu takatifu hutengenezwa kwa panchaloha, yaani metali tano: shaba, dhahabu, fedha, bati na risasi, ingawa orodha hutofautiana. Vipimo vya maabara vinaonyesha habari nyingine. Mtaalamu Sharada Srinivasan alichunguza sanamu zaidi ya 100 za Uhindi ya Kusini na kuona kwamba za zama za Chola ni bronzi yenye risasi: shaba kwa sehemu kubwa, bati na risasi kwa asilimia chache kila moja, na dhahabu na fedha kwa chembe tu. Haifai kuharakisha kusema desturi ni uongo. Hata leo katika mji wa Swamimalai, ambako sanamu bado zinasubiwa, mteja huweza kuleta kipande cha dhahabu au fedha kitiwe katika chungu cha kuyeyushia. Chembe hiyo haibadilishi aloi, ila kwa mwenye kuabudu ni sadaka iliyomo ndani ya mwili wa mungu.

Huko Konerirajapuram husimuliwa hadithi ya Nataraja mkubwa wa hekalu hilo, mrefu kuliko mtu. Fundi alishindwa mara kwa mara kuisubu, na mfalme amekwisha kumtisha. Wazee wawili, mume na mke, wakapita wakiomba maji. Fundi kwa hasira akawaambia wanywe metali iliyokuwa ikichemka. Wakanywa, wakawa Shiva na mkewe Parvati, na sanamu ikawa tayari. Ni hadithi, lakini inaeleza vizuri hofu ya karakana kuliko jedwali lolote la asilimia.

Ufundi wa aina hii ulijulikana pia pwani ya Waswahili. Huko Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, wanaakiolojia walichimbua simba mdogo wa bronzi wa takriban mwaka 1100, aliyesubiwa kwa nta na mwenye mtindo wa Kihindi. Huenda metali yake ilipatikana kwa kuyeyusha sarafu za China. Siku hizi mahekalu ya Wahindu katika miji ya Afrika Mashariki, Arusha ikiwemo, yana waumini wengi wenye asili ya Gujarat, ambao sanamu zao kubwa kwa kawaida ni za marumaru. Kwa hiyo msomaji wa huku asitarajie kukuta sanamu ya Kichola katika kila hekalu.

Sanamu ya malkia

Katika kijiji kinachoitwa kwa jina lake, karibu na Nagapattinam, wake za Uttama walitoa zawadi kwa hekalu ili siku ya kuzaliwa ya mama mkwe wao, katika mwezi wa Chittirai, iadhimishwe kila mwaka. Baada ya kifo chake, katika enzi ya Rajendra I (1014–1044), sanamu yake iliwekwa humo na kupewa ibada.

Sanamu moja ya bronzi yenye kimo cha sentimita 107 iko Washington, Marekani, katika jumba la Freer tangu 1929. Ina kiuno chembamba, mabega yanayoteremka na mkono wa kushoto ulioning'inia. Wataalamu wengine wanaona ni Parvati, wengine ni Sembiyan Mahadevi katika sura ya Parvati. Mwaka 2022 polisi wa Tamil Nadu wanaoshughulikia wizi wa sanamu walitangaza kwamba ndiyo iliyoibwa katika hekalu la kijiji hicho, wakataka irudishwe.