ROBERT KOCH: DAKTARI ALIYEULIZA NANI AMEPIMA

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa niandike maisha ya mtu mashuhuri. Wenzangu wengi wamewachagua wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua daktari Mjerumani aliyeaga dunia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kilichonisukuma ni jino la mdogo wangu.

Likizo ya Aprili tulikuwa Kakuma kwa nyanya. Usiku mmoja mdogo wangu alilia mpaka kukakucha. Nyanya akamletea mzizi wa esekon, ule mti wa mswaki, akamwambia atafune. Mjomba naye akatoa kichupa cha mafuta ya karafuu alichonunua sokoni, akaapa eti yanaua viini vyote. Wakabishana wee! Mimi nikabaki na swali moja: ni nani amepima? Niliporudi shuleni hapa Lodwar, mwalimu wa Baiolojia akanituma nikasome juu ya Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Baadaye alifanya kazi Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Maabara hakuwa nayo. Alikigawa chumba chake cha kazi kwa pazia: huku wagonjwa, kule panya na hadubini. Hapo ndipo alipouchunguza ugonjwa wa kimeta, ambao sisi wafugaji tunauogopa kwa sababu huua mifugo na humpata hata mtu anayekula mzoga. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba kimeta huletwa na bakteria, na kwamba bakteria hao hutengeneza spora, yaani mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na mwaka uliofuata akaanza kuzipima dawa zilizosifiwa kuua viini. Njia yake ilikuwa rahisi. Alichovya nyuzi za hariri katika spora za kimeta, akazikausha, kisha akazitia ndani ya dawa. Baada ya muda alizitoa, akazilaza juu ya chakula cha bakteria, akangoja. Bakteria wakiota, dawa imeshindwa. Basi! Asidi ya kaboliki ilipendwa sana na madaktari wa upasuaji, kumbe ikichanganywa na mafuta haiviui viini. Alipima pia mafuta yanayonukia ya mimea. Mafuta ya haradali, hata kidogo sana, yaliwazuia bakteria wa kimeta wasikue. Lakini Koch alionya kwamba kuzuia si kuua. Fisi aliyezuiwa na boma la miiba hajafa. Yuko nje anangoja.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Daktari wa meno kutoka Marekani, Willoughby Miller, alifanya utafiti katika maabara yake, na mwaka 1890 akachapisha kitabu kuhusu viini vya kinywani. Alieleza kwamba viini hivyo hugeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo huyeyusha jino.

Sasa, msomaji, usidhani Koch hakukosea. Mwaka huohuo wa 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tuberkulini, akaficha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Haikuwaponya, na wengine walikufa. Baadaye ilifaa kama kipimo tu. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka 1906 akaja kwetu Afrika Mashariki, visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, kutibu malale kwa dawa ya atoksili yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa. Hapa niliposoma niliweka kitabu chini. Yule aliyepima dawa kwa uzi wa hariri sasa alikuwa anapima kwa macho ya watu wetu. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden.

Je, nyanya na mjomba, nani alikuwa na haki? Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walichapisha kwamba mzizi wa mswaki una mafuta ya jamii ya haradali, na katika maabara yaliwaua baadhi ya bakteria wa kinywani. Nyanya hajawahi kuiona hadubini! Karafuu nayo ina yujenoli, ambayo hutuliza maumivu. Lakini kuua bakteria katika maabara si kuziba tundu la jino. Jino la mdogo wangu lilikuwa limetoboka mpaka ndani, na daktari wa hapa Lodwar akaling'oa.

Basi wenzangu, tutafune esekon kila siku kabla jino halijaoza, na likianza kuuma twende hospitali mapema. Na mtu akikuuzia kichupa akiapa kinaua viini vyote, muulize kwa heshima ni nani amepima, na amepimia nini. Hata akiwa profesa, muulize.

Kalamu yangu inaishia hapo.