Mboya: Aliyekosa karo akawafungulia wengine njia

JINA la marehemu Thomas Joseph Mboya hutajwa mara nyingi kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi na siasa za uhuru. Lakini huenda kazi yake iliyodumu zaidi ni ile aliyowafanyia wanafunzi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara. Alisoma Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u, lakini hakuendelea na masomo ya sekondari kwa kukosa karo. Akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Mnamo 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Ufadhili wa masomo ulimpeleka katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Aliporejea alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957, na mwishoni mwa 1958 akaongoza kongamano la mataifa ya Afrika mjini Accra akiwa na umri wa miaka 28.

Wakati huo Makerere ndicho chuo pekee cha Afrika Mashariki kilichotoa shahada, na nafasi zake zilikuwa chache mno. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea vijana wa Kenya na kuwasamehe karo. Kikwazo kilikuwa nauli.

Mwaka 1959 Mboya alizuru Marekani akichangisha fedha. Wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier pamoja na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walimuunga mkono. Septemba mwaka huo, ndege ya kwanza iliwafikisha wanafunzi 81 New York.

Wakoloni walidai kwamba vijana hao na vyuo walivyokwendea havikuwa na hadhi ya kutosha. Mboya hakurudi nyuma. Julai 1960 alikutana na Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia hiyo ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo ni Wangari Maathai, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kufikia 1963 takriban wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamenufaika.

Hata hivyo, neema hiyo haikuenea sawa. Balambala, kando ya Mto Tana, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kwa sheria za kikoloni tangu 1926, ambako kuingia na kutoka kulidhibitiwa kwa vibali. Mtoto wa mfugaji angewezaje kufikia ndege ya Nairobi ilhali hakuwa na darasa la kumwandaa? Safari hizo zilipofikia tamati, eneo hilo lilikuwa likiingia katika vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi 1967.

Mboya, wakati huo Waziri wa Mipango ya Uchumi, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge iliyoundwa 2003 ilipeleka basari hadi vijijini, na Balambala ikapata eneo bunge lake lililopiga kura kwa mara ya kwanza 2013. Garissa ilipata chuo kikuu kamili mwaka 2017, miaka miwili baada ya watu 148 kuuawa katika chuo hicho.

Lakini mapema 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa katika kaunti hiyo, wakaacha madarasa matupu. Basari haimfai mtoto asiye na mwalimu, kama vile nafasi ya chuo Marekani isivyomfaa asiye na nauli.

Hilo ndilo Mboya alilolitambua mapema. Hakuishia kuwapongeza vijana waliofaulu, bali alitafuta kilichowazuia, akakiondoa. Wanaogawa basari na tuzo leo huko Balambala wana deni la kufanya vivyo hivyo.