Perpetua, Mfia Dini wa Karthago

Tarehe 7 Machi katika kalenda ya Kanisa letu limo jina ambalo wengi wetu hulipita bila kuuliza. Vibia Perpetua alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini, naye alifia Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Mwaka 203, Septimius Severus akiwa Kaisari, alikamatwa pamoja na vijana wenzake waliokuwa wakifundishwa kabla ya ubatizo. Umri wake ulikuwa kama miaka 22. Alikuwa wa jamaa ya heshima, ameolewa, na ana mtoto mchanga wa kiume anyonyaye. Tena alikuwa amesoma. Nasema hili kwa furaha ya mwalimu, kwa maana habari za kifungo chake aliziandika mwenyewe gerezani, na ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyosalia mpaka leo.

Habari za mumewe hazimo. Za baba yake zimejaa.

Mzee huyo hakuwa Mkristo. Alipomsihi aikane imani, Perpetua alimwonyesha chombo kilichokuwa karibu, akamwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina jingine kuliko lile lililo lake; hivyo naye hawezi kuitwa ila Mkristo. Baba akamrukia kwa hasira, kisha akaenda zake. Siku chache baadaye binti akabatizwa angali chini ya ulinzi, ndipo wakatiwa gerezani. Giza na joto vilimtesa, lakini zaidi alimhangaikia mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwapa walinzi fedha ili wafungwa wapumzishwe mahali pazuri kidogo. Aliporuhusiwa kukaa na mwanawe, gereza likawa kwake kama jumba la kifalme.

Baba akarudi. Safari hii alimbusu mikono, akaanguka miguuni pake, akamwita bibi wala si binti. Tusimhukumu upesi mzee huyu. Alimpenda kuliko ndugu zake wote wa kiume, na hakuona kwa nini binti aache mtoto kwa ajili ya chembe za ubani tu. Siku ya hukumu alikuja na mtoto mikononi. Liwali Hilarianus naye akamwomba Perpetua azihurumie mvi za baba yake, atoe dhabihu kwa ajili ya Kaisari. Alikataa. Baba alipozidi kumsihi, liwali akaamuru apigwe fimbo, na Perpetua akaumia kana kwamba amepigwa yeye. Wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama wakali. Alipotuma kumwomba mtoto, baba alikataa kumtoa. Lakini mtoto hakutaka ziwa tena, wala maziwa hayakumwuma mama.

Pamoja naye alikuwamo Felicitas, mtumwa, mwenye mimba ya miezi minane. Sheria ilikataza kumwua mjamzito, naye aliogopa kubaki nyuma afe baadaye pamoja na wahalifu. Wenzake wakamwombea, akajifungua binti gerezani, na dada mmoja Mkristo akamlea kama mtoto wake.

Tarehe 7 Machi waliingizwa uwanjani. Walitaka kuwavika mavazi ya makuhani wa miungu. Perpetua alikataa mpaka jemadari akakubali. Ng'ombe jike mkali akamrusha juu. Alipoanguka alijifunika vazi lake lililopasuka, akazifunga nywele zake ili asionekane kama mtu aliyefiwa, kisha akamwendea Felicitas aliyekuwa chini, akamshika mkono, akamwinua. Mwishoni, baada ya kupeana busu la amani, mkono wa kijana mwenye upanga ulitetemeka, na Perpetua mwenyewe akauongoza shingoni pake.

Kalenda ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 imeweka jina la Perpetua peke yake. Kalenda za siku hizi zimemrudisha Felicitas kando yake.