Joginder Singh: Fundi aliyefufua Volvo kuukuu na kuwa Simba wa Kenya

Tuseme uko Timboroa. Baridi inauma, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, na malori ya kwenda Malaba yanapanda mlima yakikohoa. Nyuma ya nyumba, karibu na shamba la viazi, liko gari la babu yako. Magurudumu yamezama kwenye udongo na kuku anatagia kiti cha nyuma. Jamaa wa vyuma chakavu amekuja na mizani yake mara mbili, na kila akija anaongeza bei kidogo. Wewe una spana za kuazima, kibanda cha mbao unachokiita gereji, na simu iliyojaa video za mafundi wa ng'ambo.

Kabla hujamwambia jamaa alete mkokoteni, nikupe kisa cha Joginder Singh. Wazee wako wanamjua. Wewe pengine umesikia jina tu wakati Safari Rally iliporudi Naivasha mwaka wa 2021 na watu wakaanza kukumbushana ya zamani.

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, si mbali na hapo Timboroa ukipitia Londiani. Baba yake alikuwa Singasinga aliyetoka Punjab miaka ya 1920, na familia ikaishia kwenye kazi ya gereji. Joginder alianza pale chini kabisa, spana boi katika gereji ya baba yake. Unajua maisha ya spana boi: unatumwa spana namba 13 unaleta 14, unaoshwa na oili usoni, unaambiwa ushike taa na usiulize maswali. Shule yake ya magari ilikuwa chini ya magari. (Mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza naipenda sana sehemu hii, lakini tafadhali usiitumie kumtishia mama yako.)

Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki akawa fundi wa doria wa kwanza wa chama hicho. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani akiwaokoa watu walioharibikiwa na magari. Fikiria vizuri hapo. Kijana anapewa kazi ya kukutana kila siku na gari tofauti lililokufa, mbali na gereji, bila spea, na mwenye gari amesimama kando amekunja mikono akitaka kufika nyumbani kabla ya giza. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo. Unajifunza kusikiliza injini. Unajifunza ni kitu gani huvunjika kwanza, na kwa nini.

Sasa ongeza Safari. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, pale mvua ya masika inapoanza kumwaga. Usiyafananishe na haya ya sasa ya vipande vifupi vya kilomita chache. Zamani ilikuwa karibu kilomita 5,000 kwenye barabara za kawaida, mchana na usiku, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Matope, mito iliyofurika, ng'ombe barabarani. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na 7 pekee yakamaliza. Joginder alikuwa ndani ya mojawapo ya hayo saba.

Lakini gari lililompa jina ni lile la 1965, na hapa ndipo nataka usogee karibu.

Mwaka wa 1964 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta magari yake ya PV544 kushindana Safari. PV544 ni kale ka-gari kenye mgongo kama kobe, milango miwili, injini ya lita 1.8 na gurudumu za nyuma ndizo zinazosukuma. Ng'ambo lilikuwa likishinda mashindano makubwa. Huku kwetu barabara ililitafuna. Mashindano yakaisha, na magari yakabaki Kenya yakiwa yamechoka. Joginder akachukua moja. Kwa macho ya mtu wa kawaida hilo lilikuwa gari la mitumba lililokwisha pigwa na Safari nzima. Yeye na nduguye Jaswant wakalirudisha gereji na kuanza kulijenga upya.

Kama umewahi kugusa gari la namna hiyo unajua kazi ilipo. PV544 halina fremu tofauti ya chuma chini kama lori, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa hivyo kutu si suala la sura tu. Ikila sakafu na kingo za chini ya milango, gari linakosa uti wa mgongo, na siku likiruka tuta linajikunja. Ndiyo maana huwa nakasirika nikiona fundi akijaza fila juu ya tundu, akapiga msasa, akapaka rangi ing'ae kisha akakudai pesa. Kutu iko pale chini inaendelea kula. Inahitaji chuma, maji na hewa tu, na tope lililoganda ndani ya bodi linahifadhi maji kama sponji. Lazima ukate hadi ufikie chuma kizima, uchomelee bati jipya, kisha upake rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Hakuna njia ya mkato, buda.

Halafu gari lililotwangwa na mashindano lina ugonjwa mwingine usioonekana kirahisi: nyufa. Sehemu zinazoshikilia spring na shoka hupasuka mistari myembamba kama unywele, na hutaiona mpaka usugue uchafu wote na kuangalia kwa tochi. Boliti zimevutika. Nyaya zimesuguana na bodi hadi ganda limeisha. Mtu anayenunua gari jipya kutoka kiwandani hajui hata mahali nyaya hizo zinapopita. Aliyelifungua lote na kulifunga tena anajua kila skrubu, anajua ipi iliwahi kumsumbua, na anaweza kuifikia gizani kwa kupapasa.

Huo ndio ushindi wa 1965, ukiniuliza mimi. Watu husimulia jinsi Joginder alivyokuwa akikimbia, na jina la Singasinga Anayepaa likaenea duniani. Lakini mbio walikuwa nazo wengi. Timu za Ulaya zilikuja mwaka baada ya mwaka na madereva wenye kasi kumliko, na hadi 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda na Ford Escort, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyekuwa ameibeba Safari hata mara moja. Safari haikuwa ikimpa aliye na kasi. Ilimpa yule ambaye gari lake lilikuwa bado linatembea siku ya mwisho.

Pasaka ya 1965 ile Volvo kuukuu ikaondoka na nambari 1 mlangoni, Joginder kwenye usukani na Jaswant kando yake. Ilirudi Nairobi ikiwa ya kwanza, mbele ya gari la pili kwa zaidi ya saa moja. Si sekunde, saa! Gari ambalo wenyewe waliolitengeneza walilikatia tamaa mwaka mmoja nyuma.

Na usisahau Kenya ilikuwa wapi wakati huo. Uhuru ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Hakuna dereva asiye Mzungu aliyekuwa ameshinda Safari kabla yake. Wakati huohuo Wahindi wengi walikuwa wamepewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuamua kama wataomba uraia wa Kenya au watabaki na pasipoti ya Uingereza, na kila upande uliwatazama kwa shaka. Katikati ya maswali hayo, huyu hapa kijana wa Kericho mwenye kilemba anashuka kwenye gari lililojaa matope, na umati unampokea kama wake. Mitaani walimwita Simba wa Kenya. Hawakusema simba wa Punjab wala wa Uingereza. Miaka mitatu baadaye, mapema 1968, maelfu ya Wahindi walikuwa wakipanda ndege kwenda London kabla Uingereza haijafunga mlango kwa sheria mpya ya Machi. Pasaka ya mwaka huohuo magari 93 yaliondoka kwenye Safari, 7 yakamaliza. Joginder alikuwemo tena, safari hii na Datsun Cedric.

Sasa turudi kidogo kwenye jambo la ufundi, maana wewe uko Timboroa na huko kuna shida yake. Stesheni ya reli ya hapo iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na kwa miaka mingi imetajwa kuwa ya juu kuliko zote katika nchi za Jumuiya ya Madola. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Gari la kabureta halijui hilo. Linaendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua, moshi unatoka mweusi, plagi zinashika masizi na nguvu inakwisha ukiwa katikati ya mlima. Maji nayo huchemka karibu digrii 91 badala ya 100, kwa hivyo radieta yenye mfuniko mbovu itakuaibisha mapema. Dereva wa Safari za zamani aliweza kuwa Pwani kwenye joto na hewa nzito, kisha akajikuta kwenye baridi ya nyanda za juu, na injini ileile. Ukilitengeneza gari la babu yako, usikubali fundi wa Mombasa akupangie kabureta kwa simu. Libane petroli hukohuko juu, uangalie rangi ya plagi: ikiwa ya kahawia hafifu umepatia, ikiwa nyeusi bado.

Baada ya Volvo, Joginder alipitia ukame mrefu. Alimaliza wa pili mwaka wa 1969, akamaliza wa pili tena 1970. Wengine wangeanza kuuza spea. Mwaka wa 1974, akiwa na miaka 42, alikuja na gari ambalo wengi walilicheka: Mitsubishi Colt Lancer, injini ya lita 1.6, dhidi ya Porsche 911 ya Björn Waldegård. Mvua ikapiga. Porsche ikawa ya pili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa rally, na uliletwa na mtu aliyeanza kwa kushika taa gereji. Ukiona vijana wa mtaa wako wakiabudu Lancer Evo na kuichora hadi kwenye matatu, ukoo wake unapitia hapo.

Mwaka wa 1976 akarudia na Lancer, msoma ramani wake akiwa David Doig kama 1974, na Mitsubishi zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuna aliyekuwa ameshinda Safari mara tatu kabla yake. Shekhar Mehta, Mkenya aliyezaliwa Uganda, ndiye aliyekuja kumpita kwa kushinda mara tano, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Alishindana hadi 1980. Tangu 1959 alikuwa ameanza Safari 22. Alimaliza 19. Mimi nazithamini hizo 19 kuliko hata vikombe vitatu, maana katika mashindano ambayo mwaka mwingine magari 7 tu ndiyo yanarudi nyumbani, mtu hafikishi 19 kwa bahati. Anafikisha kwa sababu ya usiku aliokaa chini ya gari akikaza kitu ambacho hakuna mtu mwingine angekiona.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.